Kunyooshwa Macho kwa Niaba

Mimi sikuwepo, na hata kama ningekuwepo ningesema sikuwepo, maana kule Nuruni mtu aliyeona jambo huulizwa kwanza aliliona kwa ruhusa ya nani. Naileta habari kama nilivyoipokea. Sikuongeza chumvi ila ile ya kuihifadhi isioze. Asiyeamini na afunge safari akaulize. Nauli juu yake.

Jamhuri Tukufu ya Nuruni ni nchi ambayo umeme hukatika kila baada ya chakula cha mchana, ili wananchi wapate kuithamini nuru. Huko alikuwako bwana mmoja, Ngwali Kisusa, Mkurugenzi wa Itifaki na Heshima za Dola. Kazi yake ilikuwa kujua nani atangulie na nani afuate, nani akalie kiti chenye mikono na nani kisicho na mikono, na nani asimame ashukuru kwamba sakafu ipo. Tena ndiye aliyepanga mambo ya uwakilishi, kwani Nuruni mkubwa hafanyi kwa mwili wake jambo linaloweza kufanywa kwa niaba. Msibani hupeleka mtu. Harusini hupeleka mtu. Na aliyepelekwa akishafika, basi mkubwa amefika, na hutangazwa redioni kwamba alilia.

Lakini heshima kubwa kule haikuwa kiti. Ilikuwa miwani. Mtukufu Kiongozi alizaliwa na macho yanayoona hadi ncha ya pua yake na hapo yakaishia, kwa hiyo alivaa vioo vinene kama vitako vya chupa. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana anaona mbali kuliko Mtukufu, mawaziri nao wakavaa. Wakurugenzi wakavaa. Mwisho ikawa ndiyo kanuni: unene wa kioo kwa kadiri ya cheo. Karani mkuu alivaa kioo chembamba kama ganda la kitunguu. Waziri alivaa vioo vizito hata pua ikaingia mabonde mawili ambayo ungeweza kupandia mahindi. Mtu akipandishwa cheo walisema ameongezewa kioo, na majirani walikuja na sinia la halua: “Hongera bwana, tumesikia huoni tena!”

Walio chini ya karani mkuu hawakuruhusiwa miwani kabisa. Ukiwa dereva, tuseme, na macho yako yana ukungu, ulitakiwa uvumilie mpaka upande cheo. Na dereva hapandi cheo. Ndiyo maana magari ya serikali ya Nuruni yalijaa makovu. Mbele alikaa dereva asiyeona kwa kukosa miwani, nyuma mkubwa asiyeona kwa kuwa nayo. Wakimgonga punda, kosa aliandikiwa punda, kwani kati ya watatu hao yeye ndiye pekee aliyekuwa akiona.

Sasa, Ngwali alikuwa na siri. Macho yake yalikuwa mazima kama ya mwewe. Vioo vyake vilikuwa vya daraja la tisa, na akitazama kupitia humo, watu wote walikuwa magunia ya mkaa yanayotembea. Akajifunza kuchungulia juu ya fremu, kidevu kimezama kifuani. Watu wakamsifu: “Mtazameni anavyotazama! Huyo ana fikra nzito.” Jioni akifika nyumbani, alifunga mlango, akavua miwani, akatoa kitambaa cheupe na kukaa mbele ya kitu alichokipenda kuliko itifaki yote ya dunia: saa za mkono, zile za zamani za kutia ufunguo. Alizifungua, akapanga magurudumu yake, akashika kwa kibano parafujo ambayo mtu mwingine angeipuliza akidhani ni vumbi. Siku hizo alikuwa na saa ya marehemu mama mkwe wake, iliyokwama siku nyingi, naye alikuwa amemwahidi mkewe, Bi Mize, kwamba ataifufua.

“Utaifufua lini?” Bi Mize aliuliza.

“Haraka ya nini, mama? Macho si ninayo.”

Kauli hiyo aliitamka mapema mno.

* * *

Mwaka huo Mtukufu alikwenda ng’ambo kwa mapumziko ya kikazi. Siku ya kurudi, mawaziri wote walipangwa na Ngwali uwanjani kwa unene wa vioo. Mlango wa ndege ukafunguliwa, akatokea mtu mwenye uso mtupu. Bendi ikaacha kupiga. Askari mmoja akapanda ngazi kwenda kumzuia, mpaka alipotukanwa ndipo akaitambua sauti.

Mtukufu akateremka, hakushikwa mkono na mtu. Akasimama mbele ya safu.

“Huyu nani?”

“Waziri wa Fedha, Mtukufu,” Ngwali alinong’ona.

“Huyu? Siku zote nilidhani ni wawili wamesimama pamoja!” Akageuka. “Na lile dimbwi kule?”

“Ndio uwanja wa ndege, Mtukufu.”

Mtukufu akapanda jukwaani. “Ndugu wananchi! Macho yangu yamenyooshwa! Nimelazwa kitandani, nikatiwa matone, nikaambiwa nitazame taa ya kijani. Mwale wa leza ukapita, tii! Harufu kidogo, kama nywele zinaungua, basi. Nimeinuka naona hadi mawazo ya watu!” Hapo safu nzima ikajitahidi kutowaza. “Taifa haliwezi kukimbia huku limeshika miwani isidondoke. Nimeununua mtambo. Kila kiongozi mwenye miwani ya serikali atanyooshwa macho, na atakayebaki na miwani nitajua hataki kuona ninachokiona!”

Makofi yalikuwa marefu. Ngwali naye alipiga, lakini viganja vyake vilikuwa vya baridi kama samaki wa barafuni.

* * *

Kamati ya Kitaifa ya Kunyoosha iliketi chini ya Waziri wa Afya na Mandhari, Mheshimiwa Lwambano, mtu ambaye hata akiomba chumvi mezani huanza na “kwa heshima na taadhima.” Ngwali alikuwemo kwa ajili ya viti. Akaitwa Daktari Subira Mkanga, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyesomea macho.

“Waheshimiwa,” akasema daktari, “leza hukwangua kile kigozi king’avu cha mbele ya jicho, kwa kadiri ya kasoro iliyopo. Kwa hiyo kila mtu nitampima kwanza.”

Lwambano akacheka kwa huruma. “Daktari wangu, unataka kuyapima macho ya waziri? Kwa heshima na taadhima, Mtukufu alipomteua hakuwa amempima? Kila mmoja ana namba ya kioo chake. Mtambo utawekwa namba hiyo hiyo. Daraja la tisa, tisa. Daraja la kumi, kumi.”

“Na kama jicho ni zima?”

Wajumbe wote wakaishika miwani yao kwa pamoja.

“Jicho zima kwa mwenye cheo?” Lwambano alisema polepole. “Huko ni kughushi macho. Kughushi macho ni jela.”

“Sawa. Mimi nasema tu,” daktari akajibu. “Jicho zima likichomwa namba tisa, mwenyewe hataona hata kiganja chake, na hakuna wa kumrudishia.”

“Basi ni bahati njema kwamba hakuna mwenye jicho zima!” Lwambano akapaza sauti.

“Hakuna kabisa!” wajumbe wote wakaitikia, kila mmoja akitafuta leso.

* * *

“Kaseme kweli,” Bi Mize alimwambia mumewe. Walikuwa wamekaa barazani nyuma ya nyumba, saa ya marehemu imefunguliwa kati yao, vigurudumu vyake vinameta.

“Niseme nini? Kwamba miaka yote nimekula mshahara wa upofu huku naona?”

“Ndivyo ilivyo.”

“Bi Mize, watanifunga!”

“Basi kapofuke. Utakuwa kipofu mwenye kiti cha mikono.” Akachukua kigurudumu kimoja kwa ncha ya kidole, akakiweka karibu na mwanga. “Hiki kina meno mangapi?”

Ngwali akakitazama. Meno yale yalikuwa madogo kuliko mbegu za mchicha, naye aliyaona moja moja, lile la mwisho limepinda kidogo tu, hapo ndipo saa ilipokwama. Ndiyo kwanza alijua ugonjwa wa ile saa. Akataka kufurahi, ikamjia kwamba wiki ijayo kigurudumu hicho kitakuwa ukungu, na kidole cha mkewe kitakuwa ukungu, na uso wa mkewe juu ya kidole utakuwa gunia la mkaa kama Waziri wa Fedha.

“Mbona hujibu?”

“Nahesabu,” akasema Ngwali, na akageukia ukuta.

* * *

Siku ya Kunyooshwa, wakubwa waliketi katika ukumbi wa hospitali kuu. Miwani yao ilikusanywa mlangoni ndani ya beseni, kila moja na kijikaratasi cha jina. Madereva walisimama ukutani wameshika mikoba ya mabwana zao, akiwemo Pandu, dereva wa Ngwali, mtu mpole aliyekuwa akiendesha gari kwa kusikiliza.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. “Wa kwanza!” akaita muuguzi.

Tangu Nuruni iitwe Nuruni, hapajatokea mkubwa aliyempisha mkubwa mwenzake. Siku hiyo adabu iliwaangukia kama mvua ya mawe.

“Tangulia, Mheshimiwa Lwambano, shughuli hii ni yako.”

“Hasha! Mwenye shughuli hali mpaka wageni washibe. Fedha itangulie.”

“Fedha haina haraka,” akasema Waziri wa Fedha, amejishikilia kitini. “Kina mama kwanza. Mheshimiwa wa Mila, karibu.”

“Kwa mila zetu mwanamke hutembea nyuma,” akajibu Waziri wa Mila, mama aliyezunguka nchi nzima mwaka huo akihutubia kinyume chake.

Wote wakamgeukia Ngwali. “Mkurugenzi! Itifaki inasemaje? Nani atangulie?”

Ngwali akasimama. Akimtaja mmoja, huyo hatamsamehe hata kaburini. Asipotaja, ataambiwa aoneshe njia kwa mfano wake mwenyewe. Ndipo, katikati ya sakafu, akatokea tandu.

Alikuwa tandu mchanga, hajafika nusu ya njiti ya kiberiti, mwembamba kama uzi. Watu ambao kwa mujibu wa sheria hawakuweza kumwona tembo bila miwani wakamwona. Miguu yote ikapanda juu kwa pamoja, kama jeshi lililoamriwa. Tandu akakata kona kulia. Macho yote yakaenda kulia. Akasita, yakasita.

“Mheshimiwa, mbona miguu juu?” Lwambano alimuuliza jirani yake kwa sauti nyembamba.

“Nanyoosha magoti. Nawe?”

“Magoti vilevile.”

Pandu, aliyesikia viti vinalia, akasogea mbele. “Kuna nini, wakubwa? Mbona mnasikika kama kuku waliopandia dari?” Ndala yake ikatua juu ya tandu, naye asijue.

Ngwali akawatazama waheshimiwa, nao wakamtazama, halafu kila mmoja akaitazama dari. *Kumbe ni sisi sote*, akawaza. Na hapohapo akamsikia Lwambano, akitafuta la kusema ili kimya kile kiishe, anamwagiza dereva wake: “Wewe, baadaye upite msibani kwa Mzee Kidude, useme nimefika.”

Ngwali akakohoa. Akashusha kidevu, akachungulia juu ya fremu ambayo haikuwepo.

“Waheshimiwa! Itifaki inasema kuna kosa kubwa limefanyika hapa. Tangu lini mkubwa wa Nuruni akaenda mahali kwa mwili wake? Mheshimiwa wa Fedha, mwaka juzi harusini kwa binti yako alikwenda nani?”

“Mpishi wangu. Nilikuwa na semina.”

“Je, binti hakuolewa?”

“Aliolewa.”

“Na wewe hukuhesabiwa umefika?”

“Nilihesabiwa. Nikashukuriwa kwa machozi yangu.”

“Basi jicho ni nini mbele ya harusi?” Ngwali akauelekeza mkono wake ukutani, walikosimama madereva. “Wanyooshwe hawa, kwa niaba!”

Waheshimiwa walimpigia makofi mpaka muuguzi akadhani mtambo umelipuka. Daktari Subira akatoa kichwa mlangoni, akatazama upande huu, akatazama upande ule, akaelewa.

“Wawakilishi hawana namba ya serikali,” akasema. “Hao lazima niwapime. Na asiyetaka simgusi.”

“Wapime!” akanguruma Lwambano. “Wapime hata magoti!”

Daktari akawaeleza madereva kila kitu, kuanzia matone hadi harufu. Pandu akamsogelea bwana wake.

“Mkubwa, ati humo ndani nitatolewa giza kwa niaba yako?”

“Ndiyo, Pandu.”

“Na hilo giza litakalotoka, ni lako au langu?”

Pandu akaingia akicheka.

* * *

Asubuhi iliyofuata Pandu alikuja kazini amevaa miwani nyeusi aliyopewa na daktari imkinge na jua kwa siku chache. Aliivua mlangoni.

“Subhanallah! Mkubwa, kumbe una masharubu! Na hii hapa langoni ni nguzo? Mimi siku zote naigonga nikidhani ni mlinzi mkaidi.”

Mtukufu naye akawaita wakubwa awakague mbele ya Daktari Subira. Ukutani pakatundikwa herufi, za juu kubwa kama mlango, za chini kama chawa. Wakasoma zote. Waziri wa Mila akaendelea akasoma na jina la kiwanda kilichochapa, lililoandikwa pembeni.

Mtukufu akalengwalengwa na machozi. “Hakuna hata mmoja aliyelala kitandani, na wote wanaona! Uwakilishi wetu umepenya hadi kwenye mboni! Daktari, omba lolote.”

“Mtambo usifungwe, Mtukufu. Wananchi nao waje.”

“Wananchi? Kwa niaba ya nani?”

“Kwa niaba yako.”

“Aa. Hapo sawa.”

Lakini furaha ya mkubwa ina mkia. “Sasa kwa kuwa sote tunaona,” akasema Mtukufu, “tutoke tukaone.” Wakatoka kwa miguu hadi Barabara ya Ushindi, nyuma ya ikulu. Katikati ya barabara palikuwa na kitu kipana, kirefu, bata wawili wanaogelea ndani yake.

“Hiki nini?”

Zamani wangejibu kwa pamoja, “Mtukufu, hatujaona vizuri,” na kila mtu angefuta vioo vyake. Sasa wangefuta nini? Lwambano akameza mate.

“Ni… kwa heshima na taadhima… shimo.”

Mara ya kwanza kwa neno hilo kutamkwa na serikali. Bata wenyewe walinyamaza.

“Lifukiwe,” akasema Mtukufu, akaenda zake ng’ambo kunyooshwa meno.

Kuanzia hapo wakubwa wakaonja taabu. Mwananchi akimkuta waziri sokoni humshika mkono: “Mheshimiwa, si umenyooshwa macho? Basi tazama paa la shule hii. Tazama foleni ile.” Hapakuwa na pa kujifichia. Mpaka Lwambano siku moja akaiona miwani nyeusi ya dereva wake, akapata nuru. Kama mwakilishi alistahili miwani ya jua, mwenye macho yake anastahili zaidi! Akaitwa Ngwali apange madaraja upya: weusi wa kioo kwa kadiri ya cheo. Karani mkuu, kivuli cha mwembe. Waziri, ndani ya chungu. Mwenyewe Ngwali, kwa shukrani ya taifa, akapewa ya ndani ya chungu chenye kifuniko.

Jioni hiyo alimrudishia Bi Mize saa ya mama yake. Bi Mize akaiweka sikioni: tik, tik, tik. Alitabasamu, kisha akaiona miwani nyeusi mezani, tabasamu likaondoka.

“Ulihangaika hivyo kuyaokoa macho,” akasema, “ili ukayafunike?”

“Ni ya kazini tu, mama.”

“Mm. Na ile ya kwanza ilikuwa ya wapi?”

* * *

Kesho yake, jua la adhuhuri, Pandu alikuwa akimpeleka Ngwali ikulu kwa Barabara ya Ushindi. Siku hizi aliendesha kwa ulaini, mwenye gari angeweza kunywa chai. Ghafla akafunga breki.

“Mkubwa, tumefika kwenye shimo. Limekua. Gari haipiti.”

Ngwali alikuwa nyuma, miwani yake ya chungu machoni. “Shimo gani? Lile liliagizwa lifukiwe.”

“Liliagizwa, mkubwa. Lakini lipo.”

“Mimi sioni shimo lolote.”

“Basi mimi ninaliona kwa niaba yako.”

“Pandu! Umeanza ujeuri tangu unyooshwe! Nasema hapana shimo, na nitakuonesha.” Akafungua mlango, akashuka, akajiweka sawa koti, akapiga hatua ya mkurugenzi, ndefu, yenye heshima za dola.

Bata wawili waliruka.

Pandu akaja hadi ukingoni, akachuchumaa, akatazama chini. Kwa macho yake mapya alimwona bwana wake vizuri kabisa: maji ya kifua, masharubu yenye tope, miwani nyeusi imening’inia sikio moja.

“Pole, mkubwa. Sasa hapo ndani nikuwakilishe, au leo utakaa mwenyewe?”

Ngwali alifungua kinywa atoe amri, kikaingia maji ya bata. Akatema. Akainua macho, akaona kuta za shimo, mizizi, chupa, lami nyembamba juu kama ganda la kitunguu, na juu kabisa uso wa Pandu unaojizuia kucheka, kila unywele wa kope umekaa mahali pake. Kisha akaanza kucheka yeye, mpaka maji yakatikisika.

“Nivute, Pandu. Leo nimekuja mwenyewe.”

“Na miwani, mkubwa? Inazama.”

“Iache izame. Angalau kuna kitu cha serikali kimetiwa humu.”

Habari imeishia hapo. Ngwali amestaafu, anatengeneza saa barazani, mchana kweupe, mlango wazi. Shimo lipo mpaka leo, na bata wamepata watoto. Serikali ya Nuruni ilipoulizwa, ilijibu kwamba imetuma mwakilishi kwenda kulitazama, naye hajatoka.